Vijana wa Nasik katika njia ya Kabambare

Mwezi Februari 1871 kijana mmoja aliyeitwa James aliuawa kwa mshale karibu na Bambarre, mahali ambapo leo tunapaita Kabambare, kusini-mashariki mwa mkoa wetu wa Maniema. Alikuwa na wenzake wakienda kununua chakula. Mwuaji alijificha msituni, akangoja wakaribie, akaachia upinde. Daktari David Livingstone, aliyekuwa amekwama kijijini hapo kwa miezi mingi, aliandika habari hiyo kwa maneno machache katika shajara yake, kisha akaendelea na mipango ya safari.

James hakuwa mzungu, wala hakuwa mzaliwa wa Maniema. Alikuwa mmoja wa watoto wa Kiafrika walioporwa kwao na wafanyabiashara ya watumwa, wakashushwa pwani, wakatiwa majahazini, kisha wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza na kupelekwa Bombay. Watoto hao hawakurudishwa makwao, maana wengi hata hawakuweza kueleza kwao ni wapi. Wamisionari waliwalea katika kijiji cha Sharanpur, jirani na mji wa Nasik, ndani ya India. Huko walijifunza kusoma na kuandika, useremala na uhunzi, wakabatizwa, wakapewa majina ya Kiingereza. Miaka ikapita, na baadhi yao wakarudi Afrika wakiwa vijana. James alitembea kutoka mwambao wa Bahari ya Hindi hadi misitu yetu, akafia huku.

Hapa Kindu, Jumapili asubuhi, ukichungulia darasa la ekodim, yaani shule ya Jumapili, katika parokia yoyote utawakuta watoto wamebanana kwenye mabenchi, wadogo mbele na wakubwa nyuma, wakirudia aya ya moyoni kwa sauti moja. Muulize mmoja wao neno la Mungu lilifikaje Maniema, na mara nyingi atajibu kwamba wazungu ndio walilileta. Jibu hilo lina ukweli wake. Wamethodisti kutoka Marekani walifungua misheni ya Wembo Nyama mwaka 1914, wakaja hadi Tunda upande wetu. Mapadri Weupe walikuwa Kasongo kabla yao. Lakini miaka zaidi ya arobaini kabla ya Wembo Nyama, Waafrika waliobatizwa, wanaojua kusoma Biblia, walikuwa wamelala Kabambare, wamepika Kabambare, wameugua Kabambare na kufa Kabambare. Hawakuwa wachungaji wala makatekista. Walikuwa wapagazi na wapishi wa msafara. Wakristo walikuwa vilevile, na kwa kadiri nionavyo mimi, historia ya kanisa katika mkoa huu inapaswa kuanza na wao.

Tuanze basi India, kwa sababu bila India habari hii haieleweki.

Mnamo Julai 1706 vijana wawili wa Kijerumani, Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, walishuka Tranquebar, bandari ndogo ya Wadenmark kusini mwa India. Walikuwa Walutheri, wametumwa na mfalme Frederick IV wa Denmark. Ziegenbalg hakuanza kwa kujenga kanisa kubwa. Alikaa chini na watoto wa Kitamil akajifunza lugha yao, kisha akawafungulia shule, ya wavulana na ya wasichana pia, jambo ambalo lilikuwa geni sana enzi zile. Mwaka 1715 Agano Jipya kwa Kitamil lilichapwa hapo hapo, na mwaka uliofuata ikaanzishwa seminari ya kuwaandaa walimu na makatekista wenyeji. Ziegenbalg alifariki mwaka 1719, akiwa na miaka 36 tu. Kazi haikufa naye. Mtamil mmoja aliyeitwa Aaron, ambaye Ziegenbalg alimbatiza mwaka 1718, aliwekewa mikono ya uchungaji Desemba 1733. Kutoka kushuka kwa wamisionari wa kwanza hadi kupata mchungaji mwenyeji ilipita miaka 27. Tuihifadhi hesabu hiyo, tutaihitaji.

Utaratibu ule wa Tranquebar, wa kuanza na mtoto, kumpa kalamu, kisha kumpeleka mwenye moyo seminari, ukawa mfano kwa misheni nyingi zilizofuata. Hata chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, CMS, kilipokosa Waingereza wa kutosha wa kwenda mbali, kiliwategemea Wajerumani, wengi wao Walutheri, waliosomea chuo cha Basel huko Uswisi. Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann aliyemfuata mwaka 1846, wote walikuwa watoto wa Walutheri wa Württemberg. Karl Wilhelm Isenberg, aliyekuwa na Krapf kule Ethiopia, alihamishiwa Bombay. Huko akawa miongoni mwa waliowachukua watoto wa Kiafrika waliokuwa wakishushwa bandarini, hawana baba wala mama wala lugha ya kujieleza. Mwingereza William Salter Price ndiye aliyeanzisha Sharanpur, na mnamo mwaka 1860 watoto wale wakahamishiwa huko kutoka Bombay.

Mzazi yeyote wa Maniema anaweza kuwaelewa watoto wale, kwa sababu vita vimetuletea watoto wa namna hiyo hiyo hapa kwetu: mtoto aliyefika mjini na watu asiowajua, anayekumbuka jina la mto wa kwao lakini hajui uko upande gani. Misheni iliwapa kitanda, chakula, daftari na patasi. Haikuweza kuwapa ukoo. Badala yake iliwapa majina ya wafadhili na ya walimu: Wainwright, Gardner, Rutton, Wellington. Kijana mmoja aliitwa Richard Isenberg, kwa jina la mwalimu yule Mjerumani.

Mwaka 1864 watatu kati yao, George David, William Jones na Ishmael Semler, walivuka bahari hadi Rabai, nyuma ya Mombasa, kumsaidia Rebmann mzee aliyekuwa akifanya kazi karibu peke yake. Mwaka uliofuata Livingstone alipita Bombay akitafuta watu wa safari yake ya mwisho. Nasik ilimpa vijana tisa. Bombay yenyewe ilimpa wengine wawili aliokuwa amewaacha hapo mwenyewe, na mmoja wao ni Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861 kusini ya ziwa Nyasa, akasomeshwa katika shule ya Mskoti John Wilson na kubatizwa Desemba 1865, siku chache kabla ya kuondoka India.

Msafara ulianzia pwani, kaskazini ya mto Ruvuma, mwaka 1866, ukiwa na askari wa Kihindi, watu wa kisiwa cha Nzwani na vijana wale. Askari wakarudishwa. Watu wa Nzwani wakatoroka, wakaeneza uongo Zanzibar kwamba Livingstone ameuawa. Richard Isenberg alifia njiani mwaka ule ule wa kwanza. Septemba 1869, msafara ukiwa umepungua sana na ukitegemea hisani ya wafanyabiashara Waarabu, uliingia Bambarre, kijiji ambacho Livingstone anakiandika kuwa cha Moenekuss.

Maniema ya wakati huo ilikuwa imefunguka mlango kwa pembe za ndovu, na pembe zilikwenda pamoja na minyororo. Njia ya misafara ilitoka Nyangwe na Kasongo, ikapita Kabambare, ikaangukia Mtowa kwenye ziwa Tanganyika, ikavuka hadi Ujiji. Kiswahili tunachozungumza leo Kindu kilipita njia hiyo. Nasi watu wa Maniema tuna jambo la kukiri hapa kwa moyo mweupe: lugha yetu ilikuja na watu ambao walikuwa wakinunua na kuuza watoto wetu.

Sasa jaribu kuwawazia vijana wa Nasik katika njia ile. Walipokuwa wadogo walifungwa shingoni katika misafara kama ile. Walikombolewa, wakafundishwa India kwamba mtu ni mfano wa Mungu. Wakarudi, na wakajikuta wanalala kambi moja na watu wa biashara ile ile, wakila chakula chao, kwa sababu bwana wao mzungu hakuwa na mali wala nguvu ya kujitegemea. Si ajabu wengi wao waliasi. Livingstone anawaandika kwa hasira: wavivu, wakaidi, wanaokataa kwenda mbele. Waandishi wengi wa Ulaya waliofuata wameirudia hukumu hiyo bila kuipima. Mimi sioni haki kuwahukumu vijana wale kwa shajara ya mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa na aliyekatishwa tamaa. Hakuna aliyewauliza kama walitaka kurudi kwenye minyororo hata kama ilikuwa ya watu wengine.

Na bado wapo waliobaki. Tarehe 26 Juni 1870 Livingstone alipotaka kuondoka kuufuata Lualaba, karibu wote walikataa. Watatu tu walimfuata: Susi, aliyetoka Shupanga kwenye mto Zambezi, Chuma, yule wa shule ya Bombay, na Edward Gardner wa Nasik. Wawili kati ya watatu walikuwa wamelelewa na misheni nchini India. Wiki nne hivi walitangatanga katika matope na mvua, miguu ya Livingstone ikajaa vidonda vibichi, wakarudi Bambarre Julai 22. Vidonda vile vilimlaza kwa muda mrefu kibandani. Kwa maneno yake mwenyewe, alisoma Biblia nzima mara nne akiwa Maniema. Kibanda kilikuwa cha Kabambare, na kati ya waliokuwa naye walikuwamo vijana wenye uwezo wa kuisoma Biblia ile ile.

Februari 1871 watu wapya waliotumwa kutoka pwani walifika. Siku hizo hizo James akauawa. Katikati ya mwezi msafara ukaondoka, na mwishoni mwa Machi ukaingia Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Karatasi zilikuwa zimeisha. Livingstone akawa anaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London kwa wino aliotengeneza kwa matunda ya porini. Kwa wino huo aliandika mauaji ya sokoni Nyangwe, Julai 15, 1871, wakati watu wa wafanyabiashara walipowapiga risasi akinamama waliokuja kuuza na kununua, na waliokimbilia mtoni wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Siku tano baadaye msafara uligeuka kurudi Ujiji.

Wino ule wa matunda ulififia hadi usisomeke tena. Kwa zaidi ya miaka mia watu walisoma tu maandishi ambayo Livingstone aliyanakili na kuyasafisha baadaye. Ni mwaka 2011 tu, wataalamu walipozipiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali, maandishi ya awali yalipofufuka, yenye mambo ambayo nakala safi iliyaacha. Kurasa hizo sasa zimewekwa kwenye intaneti, bure, na mwanafunzi wa Kindu mwenye simu na megabaiti za kutosha anaweza kuzitazama mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Kundi la pili la vijana wa Nasik lilikuwa limejiunga naye mwaka 1872: Jacob Wainwright, Matthew Wellington, Carus Farrar na wengine. Hao hawakufika Maniema, lakini inafaa tuwataje. Moyo wa marehemu ulipozikwa chini ya mti, hapakuwa na mzungu, hapakuwa na kasisi. Jacob Wainwright, kijana aliyelelewa yatima Nasik, ndiye aliyesoma ibada ya maziko, ndiye aliyechonga jina na tarehe kwenye shina. Kisha wakaubeba mwili kwa miezi tisa hadi Bagamoyo. Aprili 1874 Jacob alikuwa kati ya waliobeba jeneza ndani ya Westminster Abbey mjini London. Habari alizoandika yeye mwenyewe zilichapwa Ujerumani mwaka huo huo.

Uwezo walikuwa nao, basi. Walichokosa ni kuaminiwa.

Mwaka 1875 Price aliwaleta Waafrika wa Bombay hadi Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwenye makazi mapya ya watumwa waliokombolewa, yaliyopewa jina la Sir Bartle Frere. Huyo aliwahi kuwa gavana wa Bombay, na ndiye aliyekwenda Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash kufunga soko la watumwa. Frere Town iliendeshwa kwa mikono ya watu wa Nasik: walimu, wakalimani, maseremala, makatekista. Mkatekista George David alifanya kazi Rabai na jirani zake hadi kufa kwake mwaka 1884 bila kuwekewa mikono. William Jones na Ishmael Semler walifanywa mashemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington. Walikuwa wameanza kazi Rabai mwaka 1864. Miaka 21 ya utumishi, ndipo wakapewa ngazi ya kwanza. Na ukihesabu tangu Krapf ashuke Mombasa, ni miaka 41. Walutheri wa Tranquebar, karne nzima na nusu kabla, walihitaji miaka 27.

Hannington aliuawa Busoga Oktoba 1885. Aliyewarudisha pwani waliobaki alikuwa Jones, shemasi wa miezi michache. Waliingia Rabai wakiwa wamechakaa, na mbele yao bendera ya buluu yenye neno moja la Biblia, Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Baadaye Jones, ambaye alikuwa ameongoza watu hivyo, aliachana na CMS baada ya mivutano na wamisionari wapya wa Ulaya, ambao hawakupenda kuona Mwafrika anajua Kiingereza kuliko walivyotarajia na anaomba mshahara wa haki. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu najua kwamba lilitokea mahali pengi. Kule kwetu ziwani, Mapadri Weupe walipokea Mpala mwaka 1885, wakakusanya watoto waliokombolewa kutoka misafara ya Maniema, wakawafundisha kwa Kiswahili, na hatimaye wakafungua seminari. Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongomani, alipata daraja mwaka 1917. Miaka zaidi ya thelathini ya kungoja.

Mahali pengine mlango ulifunguka, lakini haukuelekea kanisani. Patrice Lumumba, aliyezaliwa mwaka 1925 Onalua, alisoma kwa Wakatoliki, kisha kwa Wamethodisti Wembo Nyama, kisha Tunda, akaja upande wetu na kufanya kazi ya ukarani Kalima katika kampuni ya machimbo ya bati. Alikuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1935, mwaka ambao Matthew Wellington, kati ya wa mwisho wa vijana wa Nasik, alifariki Mombasa akiwa mzee sana. Umbali kati ya mtoto yule wa jahazini na waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru ni maisha ya mtu mmoja tu.

Frere Town nayo iliacha mche. Mwaka 1903 lilianzishwa hapo darasa la teolojia, ambalo mwaka 1930 lilihamia Limuru, nalo leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. Kwetu, mwanafunzi wa teolojia kutoka Maniema ana njia kadhaa, na zote ni ndefu: wengine huenda Goma, kwenye chuo kikuu cha Waprotestanti cha Maziwa Makuu, wengine Bunia kwa Waanglikana, ambao dayosisi yao ya Kindu ilizaliwa mwaka 1997, wengine Kinshasa, waseminari wa Kikatoliki wengi hupitia Murhesa, karibu na Bukavu. Ukitoka Kindu kwenda popote kati ya hapo unapanda ndege ambayo nauli yake inamshinda mchungaji wa kijijini, au unapambana na barabara ambazo mvua imezila. Familia huuza mpunga, huuza mbuzi, parokia huchangisha, na mwanafunzi husafiri na begi moja.

Kwa wanafunzi hao nina ombi. Kazi nyingi za kumaliza masomo ya teolojia zinarudia Luther, Calvin na Wesley, na sina ubishi nazo. Lakini yuko angalau mmoja, mzaliwa wa Kabambare au Kasongo, anayeweza kuchukua shajara ya Maniema ya 1870 na 1871, kuisoma sambamba na masimulizi ya wazee wa Kibangubangu, na kuandika habari za James, Gardner na Chuma kama sura ya kwanza ya historia ya kanisa letu. Maswali ya kwenda nayo yako wazi: kijiji cha Moenekuss kilikuwa wapi hasa, njia ya chakula ilipita wapi, wazee wanasemaje juu ya wageni wale weusi waliovaa nguo za kizungu na kusema lugha isiyojulikana, na nani aliwapokea. Kwa waseminari na wachungaji walio kwenye kamati za ekodim, ombi ni dogo zaidi: somo moja juu ya Jacob Wainwright akisoma ibada chini ya mti, lisomwe kwa Kiswahili chetu, na watoto waelezwe umri wake na mahali alikojifunzia kusoma. Kazi hiyo haihitaji mfadhili kutoka Ulaya wala Marekani. Inahitaji mwalimu mmoja aliyejiandaa, mchana mmoja wa Jumamosi, na karatasi.